Sekunde Moja Iliyochukua Tatu: Kisa cha Kuitafutia Yashica Fundi Mombasa

Weka kamera kwenye spidi ya sekunde moja, bonyeza, usikilize. Shata, kile kilango kinachoruhusu mwanga ufike kwenye filamu, inafunguka, gia ndani zinazunguka kwa sauti ya nyuki aliyefungiwa kwenye kibiriti, kisha inafunga. Ndani ya kamera ya marehemu mjomba, nyuki huyo alikuwa hoi. Alianza vizuri, akapunguza mwendo, akanyamaza, na shata ikabaki wazi. Nilihesabu moja, mbili, karibu tatu ndipo ikafunga. Mara ya pili haikufunga mpaka nilipoigonga kwa kiganja.

Ni Yashica Mat-124G, zile kamera za lenzi mbili zilizopandana, ambazo mpiga picha huchungulia kwa juu huku ameinamisha kichwa. Zilitengenezwa Japani kuanzia 1970 hadi 1986 na ndizo zilizofunga ukoo wa Yashica wa lenzi mbili. Filamu yake ni ile pana iitwayo 120, picha 12 za mraba kwa roli moja. Mjomba aliitumia kupigia picha maharusi Majengo na abiria upande wa kivuko cha Likoni. Alipofariki, mkewe, ambaye sote twamwita Bi Mkubwa, aliifungia kabatini ndani ya mkoba wake wa ngozi. Ilikaa humo miaka 17. Aliponikabidhi alinipa sharti moja: "Sitaki ikae kama pambo. Nataka inipige picha hapa barazani."

Vijana wengi wanaorithi kamera za wazee huniuliza wampelekee nani, nami hujibu kwa kuwauliza kamera inaumwa nini. Jibu hilo nilijifunza kwa kamera hii, na nililipia.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliingia duka moja katikati ya mji, duka la kamera na simu lenye kibao kikubwa, nikasema tu kwamba shata imeganda. Kijana wa mezani aliniambia nirudi saa kumi. Niliporudi shata ilikuwa ikiruka kama mpya, nikalipa shilingi 2,500 na kutoka nikiwa nimefurahi sana. Siku ya kumi na moja ikaganda tena, na safari hii vibaya zaidi: ile spidi ya 1/15 ya sekunde, iliyokuwa ikichelewa kidogo, sasa nayo ilikwama.

Nilipoiangalia kwa kioo cha kukuzia chini ya taa ndipo nilipoelewa. Kwenye pete ya mbele ya lenzi palikuwa na mkwaruzo mpya, mweupe, wa ncha ya koleo iliyoteleza. Vile vipande vyembamba vya chuma vinavyofunga na kufungua shata vilikuwa na mng'ao wa rangi za upinde wa mvua, kama dimbwi la maji lililomwagikiwa dizeli. Shata haikufunguliwa hata kidogo. Ilimiminiwa mafuta ya viberiti vya utambi kupitia mbele. Mafuta hayo huyeyusha grisi iliyokauka, na kwa siku chache gia huteleza. Yakikauka, uchafu ule ule huwa umesambaa hadi kwenye vile vipande, navyo vikishikana kwa utando wa mafuta ndiyo basi. Kazi hiyo ina mvuto mkubwa kwa sababu matokeo huonekana papo hapo, mteja akiwa bado yuko dukani.

Sikurudi kugombana. Nilikaa chini nikafanya kile ambacho ningekifanya kabla ya kutoka nyumbani.

Simu yangu hurekodi video ya polepole, picha 240 kwa sekunde. Ukifungua mlango wa nyuma wa kamera isiyo na filamu, ukaweka taa mbele ya lenzi na simu nyuma, waweza kuhesabu shata imekaa wazi kwa picha ngapi. Sekunde moja inatakiwa kutoa picha 240. Nusu sekunde, 120. Spidi ya 1/15 inatakiwa kutoa 16, na 1/30 inatakiwa kutoa 8. Ukipita hapo hesabu inakuwa ya kubahatisha, kwa sababu 1/125 ni chini ya picha mbili. Nilipima kila spidi mara tano na kuandika kwenye daftari. Sekunde moja ilitoa 690 na kitu, mara nyingine haikufunga kabisa. Spidi ya 1/15, zile mara ilipofunga, ilitoa 31, maana yake filamu ingepata mwanga maradufu. Spidi ya 1/60 kwenda juu ilionekana kwa macho na kwa masikio kuwa inapiga sawa.

Daftari hilo lilibadilisha kila kitu, kwa sababu lilinionyesha ugonjwa umekaa wapi. Ndani ya shata za aina hii, spidi za haraka hutegemea zaidi nguvu ya springi. Spidi za polepole huwekewa breki: msururu wa gia ndogo unaoishia kwenye kipande kinachochezacheza huku na huku, kikizuia jino moja la gia na kuliachia lifuatalo. Aliyewahi kufungua saa ya ukutani anakijua kipande hicho. Grisi ikikauka kwenye vihimili vya gia hizo, breki inashika kupita kiasi. Springi ya kamera ilikuwa nzima. Saa yake ndiyo iliyougua.

Zaidi ya hapo kulikuwa na kuvu. Kwenye ukingo wa lenzi ya kuangalizia, na kidogo ndani ya lenzi ya kupigia, palikuwa na nyuzi kama za buibui mdogo. Mombasa hatuna haja ya kutafuta sababu. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na ule mkoba wa ngozi ambao Bi Mkubwa aliuona kuwa ulinzi ndio uliolea kuvu: ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia, na kuvu huipenda. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia tu kwamba kamera sasa italala kwenye mkebe wa biskuti pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Mita ya mwanga pia ilikuwa imekufa, lakini hiyo niliiweka kando mapema. Iliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena kwa sababu ya sumu yake. Ukiweka betri ya kawaida ya volti 1.5 ya umbo lile lile, sindano huweza kuamka na kukudanganya. Ikawa kipimo kizuri cha fundi bila mimi kupanga: yeyote aliyeniambia "tutatia betri mpya tu" bila kutaja volti, nilijua hajawahi kuishi na kamera hizi.

Baada ya hapo nilikuwa na njia tatu. Niziseme kwa haki, kwa sababu hakuna iliyokuwa ya kipumbavu.

Ya kwanza ilikuwa kuipeleka nje, Uingereza au Ujerumani, kwa mafundi wanaoshughulikia kamera za lenzi mbili peke yake. Ujuzi upo, hilo sina shaka nalo. Lakini gharama ya kuisafirisha kwenda na kurudi, bima, na kazi ya kuwaeleza watu wa forodha kwamba kitu kinachoingia ni kile kile kilichotoka, ingezidi bei ya 124G nyingine nzima. Kama ingekuwa Rolleiflex, kamera ya Kijerumani ya lenzi mbili yenye thamani, ningefikiria. Na hata huko ng'ambo hakuna spea mpya za kiwandani. Yashica ilimezwa na Kyocera mwaka 1983, na Kyocera ikaacha biashara ya kamera mwaka 2005. Spea za fundi yeyote leo, awe London au Mombasa, ni kamera zilizokufa alizoziweka kwenye droo.

Ya pili ilikuwa fundi wa Nairobi anayejulikana miongoni mwa wapiga picha wa filamu. Nilimpigia simu, na baada ya dakika kumi nilikuwa namheshimu. Aliniuliza maswali kabla ya kutaja bei: mkono wa kuvutia filamu unazunguka laini? Picha kwenye kioo cha juu inalingana na ile ya kwenye filamu? Kuna aliyekwisha kuifungua? Kazi yake huanza kwa vipimo vya kila spidi na huisha kwa vipimo vya kila spidi, na mteja hutumiwa vyote kwa simu. Bei yake ilikuwa 9,000, foleni ya wiki sita, dhamana ya miezi sita. Nikamweleza pia kuhusu mafuta ya viberiti. Alinyamaza kidogo akasema, "Basi usiifyatue tena mpaka isafishwe. Kila ukifyatua unaupaka uchafu."

Ingekuwa kamera yangu ningefunga mzigo usiku ule ule. Lakini Bi Mkubwa ana miaka zaidi ya 80 na hakutaka iondoke mjini. "Alikwenda nayo kila mahali," aliniambia, "lakini kila usiku ililala hapa." Mtu wa nje aweza kuona hiyo si sababu ya kiufundi. Kwangu ilikuwa sehemu ya kazi niliyokabidhiwa, nami niliipa uzito wake.

Njia ya tatu sikuifikiria mwenyewe. Ilitokana na lile daftari. Kama kinachoumwa ni saa, mbona nisimwone fundi saa?

Yupo mmoja Mji wa Kale, kijiduka chake hakizidi upana wa meza. Nyuma yake saa za ukutani zinapiga kila moja kwa wakati wake. Nilifika alasiri, akiwa ameshika kikombe cha kahawa chungu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika "Marahaba mwanangu" bila kuinua macho kutoka kwenye saa aliyokuwa nayo. Nilingoja. Alipomaliza akavaa kioo chake jichoni, akaichukua kamera, akaigeuza polepole. Kitu cha kwanza alichogusa ni ule mkwaruzo.

"Huyu aliyeanza, hakuwa na ufunguo wake," alisema. "Alitumia koleo."

Nikamwonyesha daftari. Alisoma safu ya nambari kwa kidole, akairudia, kisha akaniomba nifyatue sekunde moja karibu na sikio lake. Nikamkumbuka fundi wa Nairobi na onyo lake, lakini mara hiyo moja nikaona ina haki. Mzee akafumba macho. Nyuki akalia, akapunguza, akanyamaza.

"Gia ya tatu au ya nne," akasema. "Si jino lililovunjika. Likivunjika huruka, huskii ikichoka hivi. Hii imekauka."

Hapo ndipo nilipomuuliza swali ambalo sasa nalihesabu kuwa lenye uzito kuliko yote. Sikumuuliza kama anaweza. Nilimuuliza mafuta atatia wapi.

Aliweka kamera chini. "Kwenye vihimili vya gia, tone kama la ncha ya sindano. Na hapo nitatazama kwanza, huenda pengine pasitake kitu. Kwenye hivi vibati vinavyofunga mwanga, hapana. Vitu vyembamba vikilaliana, mafuta huvigandisha. Hivyo vitakaa vikavu."

Hakuwa amefungua shata ya kamera kwa miaka mingi, aliniambia hivyo wazi. Zamani wapiga picha wa mjini walimletea, siku hizi hakuna. Lakini jibu lile hutolewa na mtu anayefikiria chuma kinavyofanya kazi. Nikauliza tena: nini hutafanya? Hilo nalo alilijibu haraka. Springi kubwa hataigusa. Lenzi ataifungua sehemu ya mbele tu, kwa sababu lazima itoke ndipo shata ionekane, na vioo vyake hatavitenganisha. "Kioo si kazi yangu. Nikikwambia naweza, nitakuwa nimekwambia urongo."

Nilirudi nyumbani sijakata shauri. Udhaifu wa mzee ulikuwa mmoja na ulikuwa mkubwa: hana chombo cha kupimia spidi. Fundi wa Nairobi angenipa nambari hadi 1/500. Niliupima udhaifu huo usiku ule nikaona kwamba kwa kisa hiki hasa haukuwa na makali. Ugonjwa ulikuwa kuanzia sekunde moja hadi 1/30, na huko ndiko simu yangu inakoweza kupima kwa uhakika. Spidi za juu zilikuwa zikipiga sawa na mzee aliahidi kutogusa springi inayoziendesha. Kwa hiyo alichokosa yeye, nilikuwa nacho mimi. Kama spidi za juu zingekuwa zimelegea, au mkono wa filamu umekwama, au lenzi mbili hazikubaliani kwenye fokasi, ningekwenda Nairobi na Bi Mkubwa ningembembeleza. Hizo si kazi za saa.

Asubuhi nikampigia yule wa Nairobi nikamweleza shauri langu. Nilidhani atakasirika. Aliniomba tu nimpelekee mzee maneno mawili: apige picha kila hatua kabla ya kutoa kitu, na aweke alama ya penseli pale sehemu ya mbele ya lenzi inapokaa, ili irudi pale pale. Mzee aliposikia alicheka kwa furaha. "Huyo ni fundi," alisema.

Bei ilikuwa 4,000, nusu mbele. Muda, "ikimaliza nitakupigia." Ilimaliza siku ya tisa.

Alinionyesha kijisahani cha kioo chenye benzini aliyosafishia. Chini yake kulikuwa na tope la rangi ya asali iliyochomeka. Hiyo ndiyo grisi ya kiwandani pamoja na ule uchafu wa mafuta ya viberiti. Uso wa ndani wa ile sehemu ya mbele ya lenzi ya kupigia, kwa kuwa ulikuwa wazi, aliupangusa kuvu kwa uangalifu baada ya kuniuliza kwa simu. Kuvu iliondoka, lakini pale ilipokaa muda mrefu imekula ule mpako mwembamba wa kioo, na alama kama ya kucha imebaki pembeni. Hiyo haitoki, na yeyote atakayeahidi kuitoa kwa kusugua ataondoka na mpako uliosalia. Kuvu ya lenzi ya kuangalizia bado ipo, kwani iko katikati ya vioo. Haionekani kwenye picha, nami nimeiacha.

Nilipima pale pale dukani, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la bisibisi. Sekunde moja: 251. Nusu: 124. Robo: 63. Spidi ya 1/8 inatakiwa kutoa 30, ikatoa 31. Spidi ya 1/15 ikatoa 17. Kwa kamera ya umri huu nisingeomba zaidi, na filamu haiwezi kuona tofauti ndogo kiasi hicho. Nikalipa nusu iliyobaki, lakini tulikubaliana nirudi baada ya wiki tatu kupima tena, kwani siku kumi na moja za kwanza zilikuwa zimenifunza kutoamini furaha ya siku moja.

Fokasi niliikagua mwenyewe, Mama Ngina, mahali pa kutazamia bahari. Nilitandaza tepu isiyong'aa nyuma ya kamera, pale filamu inapopita, nikafungua shata kwenye B, ambapo hubaki wazi kadiri unavyobonyeza, na kuelekeza lenzi kwenye meli iliyokuwa ikingoja zamu nje kabisa, mbali hadi ikawa kama kipande cha kibiriti. Fokasi ikiwa mwisho wake, mlingoti wa meli ulitokea kwenye tepu, kichwa chini, mwembamba na mkali. Kwenye kioo cha juu pia ulikuwa mkali. Lenzi zilikuwa zinakubaliana. Ile alama ya penseli ilifanya kazi yake.

Wiki tatu zilipopita, sekunde moja ilitoa 253. Ndipo nikanunua filamu.

Roli ya kwanza niliitoa sadaka kwa majaribio. Kwenye jua kali, filamu ya ISO 100, nilianza na 1/125 kwa tundu la lenzi la f/16 (nambari ikipungua, tundu hupanuka), nikapandisha spidi na kufungua tundu hatua kwa hatua: 1/250 na f/11, 1/500 na f/8. Spidi za polepole nilizipima kivulini kwa utaratibu ule ule. Shata ikiwa nzima, negatifu zote za mwanga mmoja hutoka na weusi sawa. Niliosha filamu bafuni. Dawa inataka nyuzi 20, na maji ya bomba Mombasa hayakaribii hapo, kwa hiyo nilikopa barafu kwa jirani nikaizungushia beseni mpaka kipimajoto kikashuka. Nilipozianika dirishani, 11 zililingana. Moja ya 1/500 ilikuwa nyeusi kidogo kuliko wenzake, maana shata inachelewa kiasi kwenye spidi hiyo. Ni kawaida ya shata za zamani, na mzee hakuigusa.

Roli ya pili niliifungua barazani kwa Bi Mkubwa, baada ya alasiri, mwanga ukiwa umelala kwenye ukuta wa matumbawe upande wa pili wa kichochoro. Alivaa leso mpya na kukataa kuketi kwenye kiti nilichomletea. Alitaka lile bao la kukalia la mlangoni. Mwanga ulinilazimisha 1/15, spidi ile ile iliyokuwa ikitoa 31. Nikaweka kamera kwenye tripodi na kumwomba asitikisike. Aliposikia shata inafunga alinyoosha mkono akataka kuishika. Aliiweka mapajani, akaifungua kifuniko cha juu kwa kidole gumba bila kutafuta, kama aliyefanya hivyo jana, akachungulia ndani.

"Mbona mimi naona ukuta kushoto na uko kulia?" aliuliza.

Nikamwambia ndivyo kioo kinavyoonyesha, kinageuza upande. Akasema mjomba hakuwahi kumwambia, miaka yote hiyo, kwa sababu hakuwahi kumwachia aichungulie.